Kwa nini kolajeni ya mfupa haikatiki mpaka asidi itangulie

Chukua mfupa mwembamba wa paja la kuku, uondoe nyama na mafuta yote, kisha uutumbukize kwenye siki ya kawaida, ile yenye asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Badilisha siki kila baada ya siku mbili. Wiki moja ikipita, mfupa ule utaupinda kwa vidole bila kuvunjika. Umbo lake ni lile lile, ila ugumu umetoka. Ukiuacha kwenye siki ile ile bila kuibadilisha, asidi humezwa na kabonati na fosfati za mfupa, inaishiwa nguvu, na katikati panabaki pagumu.

Kilichoyeyuka ni madini. Kilichobaki mkononi, laini kama mpira, kwa sehemu kubwa ni kolajeni, protini ya nyuzi, na siki haikuikata hata kidogo. Sasa geuza jaribio: mfupa mwingine uweke kwenye maji yenye kimeng'enya cha kukata kolajeni, bila asidi yoyote. Kitagusa nyuzi chache zilizo wazi juu juu, halafu kazi itakwama, kwa sababu nyuzi nyingine zote zimefukiwa ndani ya madini.

Mambo hayo mawili yakikaa kichwani, sehemu kubwa ya biolojia ya kubomoa mfupa inaanza kueleweka. Vitabu vingi hupita haraka vikisema osteoklasti, seli ya kubomoa mfupa, "inakula" mfupa. Neno hilo linaficha jambo la msingi, kwamba zipo kazi mbili tofauti, kuyeyusha madini na kukata protini, nazo hufuatana kwa mpangilio usiogeuzwa. Baadhi ya magonjwa na dawa zinazohusu ubomoaji wa mfupa hugusa moja kwa moja mojawapo ya hatua hizo.

Kamba ya nyuzi tatu

Kwa uzito, takriban theluthi mbili ya mfupa mkavu ni madini, hasa fuwele ndogo za haidroksiapataiti. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini, na takriban asilimia 90 ya protini hiyo ni kolajeni aina ya I.

Molekuli moja ya kolajeni hii ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja: miwili inayofanana, iitwayo alfa-1, na mmoja wa alfa-2. Kila mnyororo una zaidi ya asidi amino 1,000 katika sehemu iliyosokotwa. Kila ya tatu ni glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Prolini na haidroksiprolini hujaza nafasi nyingi zilizobaki na kuukaza msokoto. Kamba inayopatikana ina urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 tu.

Ugumu wa kuikata unaanzia hapo. Kimeng'enya cha kukata protini kina ufa ambamo mnyororo mmoja huingia na kulala umenyooka mbele ya makali. Kwa vimeng'enya vingi ufa huo una upana wa karibu nusu nanomita. Kamba ya nanomita 1.5 haiingii. Ndiyo maana tripsini na pepsini, zinazokatakata protini nyingine bila shida, hushindwa na kamba iliyosokotwa ikiwa nzima. Zinachoweza kukata ni mikia mifupi isiyosokotwa iliyo katika ncha zake mbili.

Mikia hiyo nayo ina kazi yake. Ndani ya mfupa kamba hupangwa sambamba, kila moja ikitangulia jirani yake kwa nanomita 67, na mkia wa moja hufungwa kwenye mwili wa nyingine kwa vifungo imara vya kikemia. Vifungo hivyo hutengenezwa kutokana na lisini na haidroksilisini kwa msaada wa kimeng'enya lisili oksidesi. Vikikomaa huitwa piridinolini na deoksipiridinolini, na mwili hauna njia ya kuvifungua. Osteoklasti hukata mnyororo kandokando ya kifungo, na kifungo chenyewe hutoka kikiwa kizima hadi kwenye mkojo.

Kwa hiyo vizuizi ni vitatu: madini yaliyoifunika kamba, vifungo vilivyoishika, na msokoto wenyewe.

Chumba chini ya seli

Osteoklasti ni seli kubwa, mara nyingi yenye kipenyo cha maikromita 50 hadi 100, iliyoundwa kwa kuungana kwa seli za ukoo wa monositi, aina ya chembe nyeupe za damu. Kwa kawaida huwa na viini 5 hadi 20. Ishara mbili hazikosekani katika kuzaliwa kwake: M-CSF, inayozifanya seli changa ziishi na kuongezeka, na RANKL, inayoziamuru ziungane na kuwa osteoklasti. RANKL hutoka kwa osteositi, seli zinazoishi ndani ya mfupa, na seli za ukoo wa osteoblasti, zile za kujenga mfupa. Seli hizo hizo pia hutoa osteoprotejerini, protini inayoinasa RANKL kabla haijafika, na uwiano wa hizo mbili ndio unaoamua osteoklasti ngapi zitazaliwa mahali fulani.

Seli ikishaushika mfupa, hujibandika kwa integrini, protini za kushikia, na kujijengea pembeni pete ya protini iitwayo aktini, inayoziba kama mpira wa kifuniko. Ndani ya pete, utando wake hujikunja marinda mengi, na marinda yale huongeza sana eneo la kutolea vitu. Nafasi iliyobaki kati ya marinda na mfupa huwa chumba kilichofungwa, na humo pH hushuka hadi takriban 4.5, wakati damu iliyo hatua chache pembeni inabaki na 7.4.

Asidi hiyo hutengenezwa papo hapo. Kimeng'enya kaboni anhidresi II huunganisha kaboni dayoksaidi na maji, na kutokana na hayo zinapatikana protoni na bikabonati. Pampu ya protoni iliyo kwenye marinda husukuma protoni chini kwa kutumia ATP. Kloridi hufuata kupitia protini ClC-7, la sivyo chaji ya umeme ingeikwamisha pampu mara moja. Bikabonati hutolewa upande wa juu wa seli kwa kubadilishana na kloridi, ili seli yenyewe isiharibike kwa ubesi.

Hesabu ya kemia inaonyesha ukubwa wa kazi. Fungu moja la haidroksiapataiti, Ca10(PO4)6(OH)2, huhitaji protoni 8 ili liyeyuke, na hutoa ioni 10 za kalsiamu, ioni 6 za fosfati yenye hidrojeni moja, na molekuli 2 za maji. Protoni zote hizo zinasukumwa kwa nishati ya seli, ndiyo maana osteoklasti imejaa mitokondria.

Madini yakishayeyuka, nyuzi za kolajeni hubaki zikining'inia kwenye sakafu ya chumba, wazi na zimelowa asidi. Sasa kimeng'enya kinaweza kuingia kazini.

Kathepsini K

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa kathepsini K. Hutengenezwa kikiwa kimefungwa: sehemu yake ya mbele, asidi amino 99, hulala juu ya ufa wa kukatia na kuuziba, kisu kikiwa bado alani. Mazingira ya asidi huilegeza sehemu hiyo, kisha molekuli za kathepsini K hukatana zenyewe kwa zenyewe na kuiondoa. Kinachobaki ni kimeng'enya hai chenye asidi amino 215. Kwa njia hii asidi ile ile inayoyeyusha madini ndiyo pia inayowasha kimeng'enya, na seli hupata kinga ya bure: kathepsini K ikivuja kwenye tishu yenye pH ya kawaida, hupoteza nguvu upesi.

Makali yake ni sisteini iliyo nafasi ya 25, ikisaidiwa na histidini ya nafasi ya 162. Salfa ya sisteini hushambulia kaboni ya kiungo cha peptidi, mnyororo unakatika, na nusu moja ya mnyororo hubaki imeshikwa na kimeng'enya kwa muda mfupi sana. Molekuli ya maji huja kuiachilia, na kimeng'enya kiko tayari kwa kiungo kingine.

Hadi hapo hakitofautiani na ndugu zake, kathepsini B, L na S. Tofauti zipo mbili. Ya kwanza: mfuko ulio pembeni mwa makali hukubali prolini, asidi amino ambayo kathepsini nyingine huikwepa, na kolajeni imejaa prolini. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Kathepsini K hushikamana na kondroitini salfeti, sukari ndefu yenye chaji hasi iliyopo kwenye mfupa, na molekuli zake kadhaa hujikusanya pamoja juu yake. Mkusanyiko huo ndio unaoweza kuukabili msokoto. Chumvi ikizidi kwenye myeyusho, mkusanyiko huvunjika: kimeng'enya bado hukata gelatini (kolajeni iliyofumuka) na peptidi ndogo, yaani vipande vifupi vya protini, vizuri, lakini kamba nzima ya kolajeni hukishinda. Wapimaji wengi wamedanganywa na jambo hili, kwa kudhani kimeng'enya kinachokata peptidi fupi ni lazima kikate na kolajeni.

Kathepsini K hukata sehemu mbili. Hukata mikia, na hivyo kuachanisha kamba zilizofungwa pamoja, kisha hukata ndani ya msokoto wenyewe mahali pengi. Ndani ya mwili wa binadamu, kimeng'enya kinachofanya yote mawili kwa namna hii ni hiki tu. Vipande vinavyotoka ni vya urefu tofauti tofauti, na kwenye jeli ya kutenganisha protini huonekana kama mtawanyiko usio na mistari iliyo wazi.

MMP zinaingia wapi?

Kundi la pili la vimeng'enya ni metaloproteinesi za matriksi, kwa kifupi MMP. Hizi hubeba zinki kwenye makali yao na hufanya kazi kwenye pH ya kawaida ya tishu. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, katika mkia wa kiluwiluwi cha chura unaopotea anapokua.

MMP-1, MMP-8 na MMP-13 hukata kolajeni kwa namna yake. Hukata mahali pamoja tu, kati ya glisini ya 775 na asidi amino inayofuata, na kamba hutoka vipande viwili, cha robo tatu na cha robo. Kwa kuwa ufa wao ni mwembamba, kwanza huufumua msokoto kidogo mahali hapo, kisha hukata mnyororo mmoja baada ya mwingine. Vipande hivyo, kwenye joto la mwili, hushindwa kushikilia msokoto na hujifumua vyenyewe kuwa gelatini. Hapo MMP-2 na MMP-9 huvikatakata.

Je, ni ipi inayobomoa kolajeni ya mfupa, kathepsini K au MMP? Swali hili lilizua mabishano marefu, na kwa maoni yetu lilikuwa limeulizwa vibaya, kwa kuwa pH ndiyo inayogawa kazi. Ndani ya chumba cha asidi kathepsini K inatawala. Osteoklasti ikihama na asidi kupungua, nyuzi zilizosalia kwenye sakafu ya shimo husafishwa na seli za ukoo wa osteoblasti, zinazozishika na kuzikata kwa MMP. Usafi huo ukikosekana, ujenzi wa mfupa mpya mahali pale huchelewa.

Vipande huenda wapi

Chumba kimefungwa. Mabaki yasipoondolewa, kalsiamu na peptidi zitajaa na kazi itasimama. Osteoklasti huyameza kupitia katikati ya marinda, huyasafirisha ndani ya vifuko kupitia mwili wake wote, na kuyatema upande wa juu, mbali na mfupa. Njia hiyo ilionyeshwa mwaka 1997. Humo safarini vipande huendelea kukatwa, na kimeng'enya TRAP kinachoonekana ndani ya vifuko hivyo huzalisha oksijeni tendaji inayochangia kuvivunja.

Haidroksiprolini inayotoka haitumiki tena kutengeneza kolajeni. Kolajeni mpya hutengenezwa kwa prolini ya kawaida, na kikundi cha hidroksili huongezwa baadaye, kazi inayohitaji vitamini C. Kwa miaka mingi haidroksiprolini ya mkojo ilitumika kupima ubomoaji wa mfupa. Ilikuwa kipimo dhaifu, kwani gelatini iliyoliwa huongeza kiasi chake, na kolajeni ya ngozi na tishu nyingine nayo hutoa ile ile.

Asidi na kimeng'enya visipokwenda sambamba

Picha ya karibu inaonekana kwenye kipande cha mfupa kilichowekwa osteoklasti hai. Kathepsini K ikienda sambamba na asidi, seli husonga mbele ikichimba mfereji mrefu wenye kina. Asidi ikitangulia sana, kolajeni isiyokatwa hurundikana sakafuni kama zulia, seli inazuiliwa, na alama inayobaki ni shimo la mviringo lisilo na kina. Ukiweka kizuizi cha kathepsini K, mifereji hupungua na kubaki mashimo mafupi yenye zulia la nyuzi. Ukizuia pampu ya protoni, hakuna shimo wala mfereji. Mpangilio wa hatua mbili unaonekana kwa macho.

Kwa binadamu tofauti hiyo ni ugonjwa na ugonjwa. Hitilafu kwenye pampu, kwenye ClC-7 au kwenye kaboni anhidresi II husababisha osteopetrosisi: madini hayayeyuki, mifupa inakuwa mizito na uboho hukosa nafasi. Hitilafu kwenye jeni ya kathepsini K husababisha piknodisostosisi, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1962 na ambao jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996. Hapa asidi ipo na madini yanayeyuka, lakini kolajeni haikatwi, na osteoklasti huonekana zikiwa na vifuko vilivyojaa nyuzi nzima. Mgonjwa huwa mfupi, vidole vinaishia vifupi, utosi huchelewa kufunga, na mifupa, ingawa kwenye eksirei ni minene, huvunjika kirahisi. Mfupa usiofanyiwa ukarabati huzeeka ukiwa mahali pake.

Dawa zimejaribu kuiga hali hiyo kwa kipimo. Bisfosfonati huidhoofisha osteoklasti yenyewe baada ya kumezwa pamoja na mfupa. Denosumab huinasa RANKL ili osteoklasti zisizaliwe. Odanacatib ilikuwa na shabaha finyu zaidi, kuzuia kathepsini K peke yake na kuiacha seli hai. Ilipunguza kuvunjika kwa mifupa katika jaribio kubwa la wanawake zaidi ya 16,000, lakini hatari ya kiharusi iliongezeka, na mwaka 2016 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ikaiacha. Kabla yake, balicatib ilikwama kwa madhara ya ngozi kukakamaa. Molekuli yake, ikiwa na tabia ya ubesi, ilijikusanya ndani ya lisosomu, vifuko vya asidi vilivyomo ndani ya seli, na kuzuia kathepsini nyingine ambazo kwenye mirija ya maabara haikuzigusa.

Kuupima ubomoaji

Kipande cha mkia wa kolajeni kiitwacho CTX hutolewa na kathepsini K, na hupimwa kwenye damu. Kipande kingine cha eneo hilo hilo, ICTP, hutolewa na MMP, na kathepsini K hukiharibu. Kwa wagonjwa wa piknodisostosisi CTX hushuka na ICTP hupanda: kathepsini K ikikosekana, MMP huchukua sehemu ya kazi.

CTX huathirika sana na jinsi damu ilivyochukuliwa. Hupanda usiku, hufikia kilele alfajiri na kushuka mchana, na chakula huishusha. Kwa hiyo damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula, na kila kipimo cha kufuatilia kichukuliwe saa ile ile. Plazma ya EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, huihifadhi vizuri kuliko seramu. Figo zikiwa dhaifu, CTX hupanda bila mfupa kubomolewa zaidi. Mfupa ukivunjika, hubaki juu kwa miezi. Mtu anayemeza biotini kwa wingi aache kwanza, kwani katika vipimo vinavyotumia biotini majibu hutoka chini kuliko ukweli.

Kwenye maabara, shughuli ya kathepsini K mara nyingi hupimwa kwa peptidi Z-Phe-Arg-AMC, ambayo hung'aa ikikatwa, ndani ya bafa ya asetati ya pH 5.5 yenye DTT na EDTA. DTT huilinda sisteini isioksidike. Ikisahaulika, kimeng'enya kinaonekana kimekufa. Lakini kathepsini B, L na S nazo hukata peptidi hiyo, hivyo kung'aa peke yake hakuthibitishi kathepsini K. Ukitumia kolajeni halisi, usiipashe joto kupita kiasi kabla ya kipimo. Molekuli zilizo huru kwenye myeyusho hufumuka karibu na joto la mwili na kuwa gelatini, ambayo proteasi nyingi huikata. Wengi hufanya jaribio kwenye nyuzijoto 25 hadi 28 kwa sababu hiyo.

Na kwa anayekuza osteoklasti juu ya vipande vya mfupa, tazama pH ya maji ya kukuzia kabla ya kulaumu seli. Kwenye 7.4 osteoklasti huishi vizuri na huonekana zimetulia juu ya mfupa, lakini huchimba kidogo sana. Ukishusha hadi 6.9 hivi, mashimo huanza kuonekana kwa wingi. Wanaotumia pH ya juu mara nyingi huongeza RANKL, hubadilisha chanzo cha seli, hurudia jaribio lote, na kipande cha mfupa hutoka bila shimo, kama kilivyoingia.